Linanuka Lini?

Mtoto wa kaka yangu amenunua Corolla ya miaka ya tisini, mkono wa tatu au wa nne, rangi yake ya fedha bado inang'aa. Aliponipitia twende msibani Temeke, nilifungua mlango wa nyuma nikasita. Ndani mlikuwa na harufu mbili: ya nanasi, kutoka kwenye kile kikaratasi cha manukato kilichoning'inia kiooni, na chini yake petroli.

"Shangazi, harufu hiyo isikutishe," akasema. "Nimeshalipeleka gereji, wakachomeka mashine, haikuonyesha kitu. Gari liko safi."

Jibu lile lilinikera njia nzima. Kijana ana shahada, ana mke mjamzito anayekaa kiti kilekile cha nyuma, na ameridhika kwa sababu kioo cha mashine hakikuandika neno. Mashine ile husoma taarifa za vihisio ambavyo gari limewekewa kiwandani, na magari mengi ya Japani ya umri ule hayana kihisio cha kujua kwamba mpira ulio juu ya tenki umechoka. Pale gereji hakuna aliyemwuliza swali hata moja.

Nikamwuliza mimi. Linanuka lini? Akafikiri, akasema likijazwa tenki linanuka sana, mafuta yakishuka hadi nusu harufu inapotea. Mbele au nyuma? Nyuma. Ukiwasha feni inazidi? Hapana. Basi kitu kilikuwa juu ya tenki, mahali ambapo mafuta hupafikia tenki likijaa tu. Tulipotoka msibani tukang'oa kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko cha bati, na chini ya kifuniko ndipo pampu inapozamia kwenye tenki. Aliyebadilisha pampu ile alitupa ringi yake ya mpira akamimina silikoni. Silikoni ya kawaida haipatani na petroli: huvimba, hulainika, mwisho huachia. Ile ilibanduka kwa kidole kama utando wa uji. Ringi tuliipata Shaurimoyo, na bei yake haikufika hata robo ya walichomtoza kwa mashine.

Sikusomea ufundi. Haya niliyapata Gerezani, nikiwa binti mdogo niliyetumwa na mama kumfuatilia baba ili asipitilize na fedha za teksi.

Baba alikuwa na Peugeot 504. Kadi yake ninayo mpaka leo, imeandikwa 1974, ingawa mimi siku zote nimesimulia kwamba ililetwa nyumbani nikiwa tayari nasoma, hesabu ambayo haikubaliani na kadi. Sitabishana na karatasi. Ninachokumbuka ni viti vya plastiki vilivyounguza mapaja saa saba mchana, na baba akirudi usiku na harufu ya petroli kwenye kola ya shati.

Fundi wake tulimwita Fundi, basi, kana kwamba Dar es Salaam nzima haikuwa na mwingine. Alitoka Tanga, alijifunzia kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, na pale Gerezani hakuwa na banda. Alikuwa na mwarobaini, benchi lenye jiliwa, ndoo mbili na sanduku la spana ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mtaa ule ulikuwa na harufu za kila namna: rangi ya kupuliza, gundi, mpira uliochomwa, maandazi, na upepo ukigeuka, kimea kutoka kiwanda cha bia cha Ilala. Ndani ya fujo hiyo yote mzee yule aliweza kuitenga petroli na kukuambia imetoka wapi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba binti. Baba yako analalamika nini leo?"

Baba angesema gari linanuka. Fundi hakunyanyua hata boneti. "Usiniambie linanuka. Niambie linanuka lini."

Hapo ndipo kazi ilipoanzia, na mteja asiyekuwa na majibu alirudishwa akaliangalie gari lake kwanza. Asubuhi kabla hujawasha? Ukisimama kwenye taa? Ukipanda kilima cha Pugu? Ukishazima? Harufu iliyokuja baada ya kuzima, ikakaa kidogo na kuondoka, haikumshughulisha: injini ya moto huichemsha petroli iliyobaki kwenye kabureta, mvuke ukatafuta njia, na magari ya kabureta yote yana tabia hiyo. Harufu ya alfajiri, gari limelala na limepoa, ilimfanya avae miwani. Maana yake kuna kinachotoka wakati kila kitu kimetulia. Mara nyingi ni mpira uliokakamaa, ambao ukiwa wa moto hujaa kwenye klampu na ukipoa husinyaa ukaachia tone moja moja. Ukilipeleka gereji gari la namna hiyo saa tano, limeshapata moto na mpira umejaa tena, utaambiwa ni zima.

Kwa hiyo gari la hivyo alitaka lilale kwake. Alfajiri alichutama kando yake, pua karibu na ardhi, akazunguka polepole kutoka gurudumu hadi gurudumu. Alinieleza sababu: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa, kwa hiyo anayenusa amesimama anapata habari nusu. Aliniambia pia kwamba petroli haihitaji joto ili iwe ya hatari. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri bado hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Yeye hakuwa na namba hiyo. Alikuwa na kovu la moto mkononi, na sheria: muuza kahawa, na mkaa wake unaowaka chini ya birika, asimame ng'ambo ya mtaro, nami nikachukue vikombe hukohuko.

Siku moja 504 ilinuka ikiwa inatembea, ikanuka ikiwa imesimama, na ilikunywa mafuta kupita kiasi. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili kabla ya jambo lolote. Akakinusa, akasugua oili kati ya vidole. Alikuwa anatafuta daiframu ya pampu: ikichanika, petroli hudondokea kwenye oili, oili inapanda na kuwa nyepesi, na injini inasagika huku mwenye gari akifurahi kwamba oili haipungui. Safari ile oili ilikuwa nzito. Akachomoa plagi, zote nyeusi kwa masizi makavu. Akaifungua kabureta ya Solex, akatoa boya la shaba, akalitikisa sikioni. Akanipa nami nilitikise. Ndani yake palikuwa na kitu kinacholia, matone machache.

Boya kazi yake ni kuelea na kuisukuma sindano ifunge mafuta yakifika kimo chake. Likiingia petroli linakuwa zito, linazama, sindano haifungi, kabureta inafurika. Tundu lenyewe huwezi kuliona kwa macho. Fundi alichemsha maji kwenye sufuria ya chai, mbali kabisa, akaiepua, akairudisha benchini na kulizamisha boya. Petroli iliyokuwa ndani ikageuka mvuke kwa joto la maji, na kutoka kwenye mshono kikatoka kiuzi cha vipovu. Aliweka alama kwa msumari, akaliacha boya kwenye maji mpaka vipovu vikaisha na boya likawa tupu, kisha siku ya pili akaliziba kwa lehemu. Lehemu ndogo mno. Kuzidisha ni kuongeza uzito, na boya zito lingeurudisha ugonjwa uleule. Alilikwangua kwa tupa, akaliweka kwenye kiganja, akalikwangua tena. Baba alikuwa na wateja wa kuwahi, lakini hakufungua mdomo.

Kisha ikaja miaka ya kukosa. Nilitaka kuandika 1983, kaka anashikilia 1981, kabla hajaenda JKT. Sisi wawili tunakubaliana juu ya sabuni. Tenki la 504 lilikuwa limetoboka kwa kutu, tundu la sindano tu, na tenki jipya hakuna aliyekuwa nalo kwa bei yoyote. Fundi akamwagiza baba alete kipande cha sabuni ya mche. Nyumbani tulikuwa tunapanga foleni kwa ajili ya mche ule, mama anaukata kwa uzi ili vipande vilingane. Fundi alikisugua kipande chetu juu ya tundu kavukavu, akikikandamiza kwa dole gumba, na petroli ikakoma kutoka, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Mama alipoambiwa hakusema neno, lakini wiki ile tulifulia majani ya mpapai.

Watu huizungumza miaka hiyo kama shule ya ubunifu, nami nawasikiliza kwa uchungu. Mipira ya mafuta ilitengenezwa kwa bomba la kumwagilia bustani, ambalo petroli hulinyonya mpaka likakauka na kupasuka, au kwa tyubu ya baiskeli, ambayo huvimba. Gari lilitoka likiwa zima na mwezi ukiisha linanuka. Fundi alivichukia viraka hivyo. Alivifanya na kumwambia mteja wazi: hiki ni cha kukufikisha, kitafute kitu chenyewe. Yule aliyemimina silikoni chini ya kiti cha Corolla aliishi wakati ambapo ringi inauzwa dukani, na hakumwambia mtu.

Mengine yalikwenda haraka. Magari ya Japani yakaja kwa meli, 504 ikauzwa kwa mtu wa Mbagala, kabureta zikaanza kuachia nafasi nozeli na pampu za umeme ndani ya tenki. Mafuta sasa yanasukumwa kwa nguvu, na ufa ambao zamani ungedondosha tone leo unarusha mvua nyembamba juu ya injini ya moto. Risasi ikaondolewa kwenye petroli mwanzoni mwa 2006. Wakaja wachanganyaji wa mafuta ya taa. Mamlaka ya udhibiti, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010 ili kuwagundua, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuwakatia faida, mzigo ukawaangukia waliokuwa wanawashia koroboi. Fundi alikuwa ameshafariki, akazikwa kwao Tanga. Mwarobaini umekatwa. Nilipopita mara ya mwisho sikuweza kusema kwa hakika ulisimama wapi, na vijana niliowauliza hawakuujua.

Kinachonikera si mashine. Mashine inajua mengi ambayo Fundi asingeyajua, na mchanganyiko wa mafuta uliozidi kwenye injini ya leo inaukamata vizuri. Nakerwa na gereji inayoichomeka, haioni kosa, ikamwachia mama mjamzito avute mvuke wa petroli kutwa. Nakerwa pia na wateja, ambao wamefundishwa kuamini kwamba maswali ni dalili ya fundi asiyejua.

Mwanafunzi mmoja wa Fundi bado yupo, ana gereji yake Tabata. Mpwa wangu nimempeleka huko akaangaliwe na mipira mingine, maana gari lililozibwa kwa silikoni badala ya ringi halina kiraka kimoja. Mwanafunzi yule, sasa naye ni mzee, aliniambia kwamba akianza kwa kuuliza, wateja hutazama saa na kuondoka. Hawalipii maswali. Kwa hiyo hununua muda: anachomeka mashine kwanza, anaiacha isome, na wakati inasoma anamwuliza mwenye gari linanuka lini. Harufu nyingi anazipata kwa njia hiyo. Kwenye risiti anaandika malipo ya mashine.