Kipimamwanga cha Marehemu Babu

Kamera aliyotuachia marehemu babu ni Minolta SR-T 101, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1966. Kilango chake kingali kinafunguka na kufungika kwa mlio uleule wa kushiba, na lenzi yake haina ukungu. Lakini mshale wa kipimamwanga, ambao mpigapicha huuona ndani anapochungulia, ulikuwa umelala chini hautikisiki. Fundi mmoja mjini Voi aliigeuzageuza kamera, akanirudishia. "Hii imekufa, kijana." Sikukubaliana naye, maana hakuwa amefungua hata kifuniko cha betri.

Nilikuwa na sababu ya kukazana. Ukutani kwa nyanya, kule Wundanyi, pana picha moja tu ya babu, nayo aliipiga nyanya mwenyewe kwa kamera iyo hiyo. Alitaka yake ipigwe vivyo hivyo, kwa filamu, zitundikwe pamoja. Picha za simu alizikataa katakata. "Hizo hufutika, mjukuu wangu." Nami nilikuwa na filamu moja, ya picha 36, na kuisafisha kulinilazimu kuituma Nairobi.

Mshale usiposogea, pa kuanzia ni penye betri. Ndani ya kifuniko nilikuta magamba ya kijani na meupe. Betri ya zamani ilikuwa imevuja na kuziba njia ya umeme. Tiba yake haihitaji shahada: matone ya siki kwenye pamba, kitambaa kikavu, kisha kifutio cha penseli hadi bati ling'ae. Nikatia betri ya kidonge iliyolingana na tundu, nikazungusha swichi iliyo chini ya kamera. Mshale ukaruka.

Aghalabu watu huishia hapo wakishangilia. Lakini mshale unaosogea si lazima uwe mkweli. Ipo kanuni kongwe ya wapigapicha: penye jua kali lisilo na wingu, filamu ya kiwango cha 100 hutaka lenzi iwe kwenye 16 na kasi iwe 1/125 ya sekunde. Na jua ni kitu ambacho Voi haijawahi kupungukiwa. Saa nne asubuhi, mbingu ikiwa nyeupe kwa joto, niliielekeza kamera kwenye udongo wetu mwekundu, uleule unaowavika tembo wa Tsavo rangi isiyo yao. Mshale ukadai lenzi ifungwe hadi 22. Ningeutii, picha zote zingetoka na kiza.

Kamera haikuwa na hatia. Iliundwa kutumia betri ya zebaki, yenye volti 1.35 zisizoyumba hadi karibu na mwisho wake. Betri ya alkali ya siku hizi huanza na volti 1.5, kisha hushuka kadiri inavyotumika, hivi kwamba hata uongo wake hauna msimamo. Marekani ilipiga marufuku betri hizo za zebaki kwa sheria ya mwaka wa 1996, na mwaka wa 2013 mataifa yakapitisha mkataba wa kudhibiti zebaki uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako sumu hiyo kutoka kiwandani iliua na kulemaza watu. Nani atalalamika kwa ajili ya kamera? Nilitafuta betri ya kifaa cha kusaidia kusikia, ile ya namba 675, inayotumia zinki na hewa na kutoa takriban volti 1.4. Ni nyembamba kuliko tundu, kwa hiyo niliizungushia pete ya mpira. Juani, mshale ukatua kwenye 16.

Jina kipimamwanga, lililoundwa kwa mfano wa kipimajoto, linatupotosha kidogo, wanafunzi wenzangu. Chombo hiki hakipimi mwanga unaomwangukia mtu. Hupima ule unaorudishwa naye, tena hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa cha kijivu cha wastani. Nyanya ni mweusi wa kung'aa, na siku ile alijifunga kitambaa cheupe pepe, akaketi mbele ya ukuta wa chokaa huku ukungu ukiteremka kutoka Vuria. Kwa mbali, mshale uliusoma weupe ule na kumsahau yeye. Nilisogea hadi uso wake ukajaa kwenye kioo, nikasoma upya, kisha nikapunguza mwanga kwa hatua moja, kwa kuwa chombo kingependa kumfanya kijivu naye si kijivu.

"Unanipima nguo?" akauliza, akacheka.

Nilibonyeza hapo hapo. Filamu iliporudi kutoka Nairobi, kitambaa kilikuwa kimepoteza nyuzi zake kwa weupe, na ukuta vilevile. Usoni mikunjo yote inahesabika, hata kovu dogo lililo juu ya nyusi ya kushoto, ambalo sikuwahi kuliona.