Lucky Summer, Mtaa Ambapo Shati Halizeeki Upesi

Ukipata nafasi ya kuzuru Lucky Summer siku ya Jumamosi, msomaji, liache gari lako nyumbani. Panda matatu, uiache Barabara ya Thika pale Allsopps, upite viwanda vya Baba Dogo, kisha ushuke utembee. Kando ya njia utaona nguo zimetandazwa juu ya turubai, nyingine zimeangikwa kwenye vibanda vya mabati, na baina ya vibanda hivyo utasikia mlio wa cherehani.

Shati unalolishika hapo limesafiri kukushinda wewe. Lilivaliwa Ulaya au Marekani, likatolewa, likafungwa ndani ya robota la kilo 45 hivi, likashukia Mombasa na kufika Gikomba. Mchuuzi hununua robota bila kujua kilichomo. Ni bahati nasibu tupu. Nguo safi kabisa huitwa "kamera" nazo huondoka mapema. Zinazobaki baada ya kila mtu kuchagua ndizo "fagia". Hapo ndipo penye taabu, kwani nani wa Eastlands atanunua koti la theluji lililochanika kwapani? Baadhi hukatwa vitambaa vya makanika kufutia mafuta. Nyingine huishia jaani, na jaa lenyewe si mbali: ukipita Korogocho na kuvuka Mto Nairobi umefika Dandora, jaa lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Malori yangali yanamwaga.

Wengi hatukumbuki kwamba poliesta ni plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini gauni la poliesta linapita bandarini bila kuulizwa neno. Pamba nayo ina gharama yake. Fulana moja hukadiriwa kutumia lita 2,700 za maji, tangu shambani hadi dukani. Kwa anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20, hiyo ni mitungi 135!

Je, mitumba ipigwe marufuku? Mwaka wa 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuachana nayo kufikia 2019. Marekani ikatishia kuzifungia soko la AGOA, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka wa 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia huko bila ushuru. Kenya nayo ilizuia mitumba Machi 2020 kwa sababu ya korona, ikairuhusu tena Agosti. Kwa maoni yangu marufuku peke yake hayatafufua viwanda kama Kicomi ya Kisumu. Na mwenye duka la nguo mpya asidhani haya hayamhusu: shati la bei rahisi linalopauka likifuliwa mara tano ni fagia tangu siku liliposhonwa.

Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka wa 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya mnunuzi kuitupa. Waagizaji wa marobota wangeanzia hapo, nguo zichambuliwe huko huko ng'ambo kabla hazijapakiwa melini. Hapa Nairobi kuna Africa Collect Textiles, wanaokusanya nguo kuukuu na kuzigeuza mazulia na mikoba. Biashara kama hizo ni chache mno.

Nawe mwanafunzi unayetafuta suruali ya chuo, usiongozwe na jina lililoandikwa kwenye lebo. Igeuze ndani nje. Vuta mishono kidogo, pandisha zipu na kuishusha, inua kitambaa kwenye jua uone palipoliwa. Nunua moja nzuri badala ya tatu za kujaribu.

Ukishanunua, mtafute fundi wa mtaa. Mpelekee hata lile shati la baba lenye kola iliyolika. Ataifumua kola, aipindue upande uliofichika utokee nje, kisha aishone tena mahali pake, nawe umekaa kwenye benchi lake ukingoja.