Kitambi Kisichoonekana

Neno kitambi twalijua sote, na aghalabu twalitamka kwa kicheko. Hapa Onduparaka, kando ya mji wa Arua, mwanamume mwenye kitambi husifiwa kwamba mambo yamemnyookea. Mwembamba huhurumiwa, kisha hufarijiwa kwamba maradhi ya moyo hayamhusu, hayo ni ya matajiri. Lakini katika kamusi kongwe neno hili lina maana nyingine iliyokaribia kusahauliwa: utando wa ndani unaoshika matumbo. Mchinja mbuzi aufahamu vyema. Huweza kumpasua mbuzi ambaye mbavu zake zahesabika, akakuta matumbo yamevikwa mafuta meupe mithili ya wavu.

Mwanadamu naye ni vivyo hivyo. Mafuta ya chini ya ngozi hufinyika kwa vidole. Ya ndani yamejibanza baina ya matumbo na ini, wala mizani haiyatambui. Wanaume huyaweka huko zaidi kuliko wanawake, na umri ukisogea huzidi. Wala si mzigo uliolala tu. Humwaga shahamu katika damu iendayo moja kwa moja kwenye ini. Ini likielemewa, sukari na mafuta ya damu hupanda, shinikizo la damu hupanda, na mishipa inayoulisha moyo huziba polepole pasipo maumivu yoyote. Uchunguzi wa nchi 52, uliotangazwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kipimo cha kiuno kikilinganishwa na nyonga hutabiri shambulio la moyo kuliko uzito ukilinganishwa na urefu.

Mwaka 1956 Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago, pamoja na mwenzake Singh, waliandika katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja mwenye maradhi ya mishipa ya moyo. Mmoja tu! Trowell alikuwa ametibu watu katika nchi hizi tangu 1929, na bado aliona mgonjwa huyo astahili kuandikiwa makala. Siku hizo wazee wetu walikwenda shambani, sokoni na ibadani kwa miguu. Enyasa ya muhogo na mtama tungali twaila kama wao, ila jembe tumewaachia wengine. Twapanda bodaboda hadi mlango wa darasa, twakaa kusahihisha madaftari, na jioni twakaa tena, chupa mezani.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alikuwa na kilo 64 na mikono myembamba kama ya kijana. Mkanda wake tu ndio uliokuwa umeongezwa matundu mawili. Alianguka usiku, saa chache baada ya kula kwa jirani, asiamke. Daktari alisema ni moyo. Matangani tulisikia maneno mengine: "Moyo gani, na mtu alikuwa mwembamba vile?" Likafuata neno sumu, na baada ya sumu, jina la mama aliyempikia. Hadi leo wapo wasiopokea hata maji mkononi mwake. Twaona kwamba ujinga huu umedhuru nyumba mbili, na ya pili haikuwa na ugonjwa wowote.

Ndiyo maana tulileta utepe wa fundi cherehani katika chumba cha walimu. Kanuni ni nyepesi: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Mwenye sentimeta 170 asivuke 85. Utepe hupitishwa juu kidogo ya kitovu, pumzi ikiwa imetolewa, bila kuvuta tumbo ndani (na hapo ndipo ubishi ulipozuka). Wanene walijua majibu yao mapema. Walionyamaza ni wembamba wawili. Tuliwaeleza kwamba mafuta ya ndani hutangulia kupungua mtu anapotembea kila siku, hata kabla mizani haijaonyesha kitu, na kwamba wapimwe shinikizo la damu na sukari. Mmoja aliuliza kama pombe nayo imo. Imo. Akauliza tena kama yule mama ameelezwa alichosema daktari. Hakuna aliyekuwa amekwenda kwake.