Adhabu Ipimwe kwa Kosa

Sisi tunaofundisha dini vijijini huku Kongo twaulizwa mara nyingi: «Mwalimu, mama anayepika lutuku ili alipe masomo ya watoto wake, akikamatwa, je, yafaa afungwe?» Si ulizo jepesi. Lutuku yaharibu nyumba na kuua. Tumezika watu kwa sababu yake. Lakini kabla ya kujibu, tutazame inchi moja iliyotaka kuimaliza pombe kwa nguvu ya gereza.

Inchi hiyo ni Marekani. Tangu tarehe 17 Januari 1920, sheria ya taifa zima ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo. Aliyeuza mara ya kwanza aliweza kutozwa faini hata dola 1,000 au kufungwa miezi 6. Divai ya Misa iliruhusiwa. Tena, kunywa kwenyewe hakukukatazwa. Tajiri aliyejaza ghala yake kabla ya siku ile alikunywa nyumbani kwake kwa amani. Maskini asiye na ghala alinunua pombe ya magendo, na nyingine ilikuwa na sumu ya kupofusha macho na kuua.

Watu walipozidi kuivunja sheria, wakubwa walizidisha adhabu. Mwaka 1929 waliipandisha hata miaka 5 ya kifungo na faini ya dola 10,000. Katika jimbo la Michigan kulikuwa na sheria kali zaidi: mwenye kuhukumiwa makosa makubwa mara ya nne afungwe maisha, na kuuza pombe kulihesabiwa kati ya makosa hayo. Ndivyo mwaka 1928, mjini Lansing, Etta Mae Miller, mama wa watoto 10, alivyohukumiwa kifungo cha maisha kwa kuuza pombe kidogo tu. Watu wengi walinung'unika, sheria ikalegezwa, naye baadaye akafunguliwa.

Sasa mtazameni Al Capone, mkubwa wa magendo ya pombe mjini Chicago. Mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11, tena kwa kutolipa kodi, si kwa pombe. Mama maisha, tajiri miaka 11!

Tarehe 5 Desemba 1933 katazo la taifa likafutwa, kila jimbo likaachiwa sheria zake. Mississippi ilishika katazo lake hata mwaka 1966. Leo majimbo yote yanakataza kumwuzia pombe kijana asiyetimiza miaka 21. Mwuzaji anayekosa aweza kutozwa faini, kunyang'anywa kibali, hata kufungwa.

Hatusemi sheria ziondoke. Watoto walindwe, na sumu ikomeshwe. Lakini adhabu inayopita kosa yawafundisha watu kuidharau sheria yenyewe, na adhabu inayomshika mdogo na kumwacha mkubwa si haki.

Basi, jibu letu ni hili. Mama wa lutuku aonywe, atozwe kwa kiasi, asaidiwe kupata kazi nyingine ya kulisha watoto. Wanaompa feza ili apike, na wakubwa wanaopokea chupa na kufumba macho, hao ndio waitwe kwanza mbele ya hakimu. Na sisi majirani tukumbuke: anayenunua jioni asimtupie jiwe asubuhi.