Picha Zisizotembea

Wadau, ukiiweka filamu hii kwenye kompyuta utadhani mashine imekwama. Picha inatokea, inakaa. Halafu nyingine. Inaitwa La Jetée, yaani gati, ya Mfaransa Chris Marker, mwaka 1962: dakika 28 za picha za mnato, nyeusi na nyeupe, na mtu mmoja anasimulia. Vita Kuu ya Tatu imeangamiza Paris, walionusurika wanaishi chini ya ardhi, na mfungwa mmoja anarudishwa zamani kwa sababu kuna picha ya utotoni isiyomtoka kichwani: sura ya mwanamke kwenye uwanja wa ndege wa Orly. Mwaka 1995 Hollywood waliichukua hadithi hiyo wakatengeneza 12 Monkeys, na Bruce Willis ndani. Mbio nyingi mno kwa ladha yangu.

Wasomi wanaiita filamu ya majaribio. Sawa, lakini sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, jaribio liko wapi? Lufufu alipotutafsiria mikanda, nani alikuwa na habari na mdomo wa mwigizaji? Tulifuata sauti. Picha hata ichezecheze, sauti ilituvusha.

Basi safari iliyopita niliposhuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, nikamwekea bibi, Lufufu nikiwa mimi. Bibi ana picha moja tu ya babu, ya studio, iliyopigwa mwanzoni mwa miaka ya sitini kabla hajaenda manamba, kwenye mkonge wa Tanga. Hakurudi. Picha hiyo bibi huisimulia kila mara kivingine: leo babu alikuwa amenuna, kesho alikuwa anabana kicheko.

Kuna mahali kwenye filamu yule mwanamke amelala. Picha zinaanza kufuatana haraka, zinaingiliana, mara anafumbua macho na kupepesa. Sekunde chache tu, na ni hapo peke yake filamu nzima inapotembea.

Bibi akanishika mkono. "Rudisha hapo, mume wangu."

Nikarudisha. Mara tatu. Mwisho wa hadithi hakuutaka, na mimi sikumwambia kinachompata yule bwana.

Kesho yake nikamwomba niipige ile picha ya babu kwa simu, maana unyevu wa ziwa umeshaanza kuila pembeni. Akakataa. Akasema ikifika Dar itakuwa ya watu wengine. Nimemwachia kile kipande cha macho kwenye simu ya baba mdogo.