Ndala Mkononi

Shumileta ya Mussa Banzi, ya mwaka 2005, niliiona kwenye banda la video Bagamoyo, jenereta likinguruma nyuma. Jini mwanamke. Jamani, tulicheka! Filamu zetu za pesa kidogo ndivyo zilivyo: damu rangi tupu, meno ya bandia, kilio kinakatika katikati. Dracula katengenezwa vizuri zaidi, sikatai, lakini anakaa kwenye ngome huko Ulaya. Nauli ya kunifuata ataipata wapi? Huyu wetu anapita vichochoro ninavyovijua.

Nilirudi kupitia minazini, ndala mkononi, mbio. Bibi, aliyekulia kwenye hofu ya mumiani wanyonya damu, alikuwa macho. Nikamsimulia. Hakucheka hata kidogo.

“Sasa mjukuu wangu, miguu yake uliitazama?”