Mjuzi wa Mashamba ya Pangani

Zama za ujana wangu, katika mji wa Pangani na vijiji vyake, tangu Boza upande wa kaskazini hata Kipumbwi upande wa kusini, mtu aliyetaka kununua shamba hakuanza kwa kuuliza bei. Aliuliza kwanza kama mjomba wangu yupo mjini. Mjomba hakuwa tajiri, wala hakuwa na cheo chochote serikalini. Alikuwa dalali wa mashamba, na udalali wa siku zile haukuwa kazi ya kumkutanisha muuzaji na mnunuzi kisha kunyoosha mkono kupokea ujira, bali ulikuwa elimu kamili, ambayo yeye aliipata kwa kutembea miaka mingi nyuma ya mjomba wake mwenyewe, akisikiliza zaidi kuliko kusema, mpaka akawa anaijua nasaba ya kila kiwanja cha minazi kama watu wengine wajuavyo nasaba za masharifu.

Ili msomaji aelewe uzito wa elimu ile, yafaa akumbuke kilichokuwa kikiuzwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikwisha kutangaza kuwa ardhi ya Tanganyika ni ya umma, iliyo chini ya mamlaka ya Gavana, na baada ya uhuru mamlaka hayo yakahamia kwa Rais. Kwa hiyo udongo wenyewe haukuhesabiwa kuwa na thamani ya kuuzwa, na mnunuzi alilipia jasho la mtu lililo juu ya udongo, yaani minazi, miembe, kisima na nyumba. Shamba halikutajwa kwa eka. Lilitajwa kwa idadi ya minazi, na atakayeihesabu alipaswa kuwa mwaminifu na mwenye jicho, kwa sababu mnazi uliokwisha liwa na chonga katika kilele chake husimama muda mrefu ukiwa na majani, nao mgeni huuhesabu pamoja na minazi iliyo hai.

Nilimfuata mara nyingi katika kazi hiyo. Aliondoka baada ya sala ya alfajiri, umande ungali chini, akiwa amechukua kamba ya ukindu ambayo kila baada ya minazi kumi aliipiga fundo. Minazi michanga isiyofika miaka sita hivi, ambayo haijaanza kuzaa, aliiweka katika kamba ya pili, na ile iliyochakaa hakuifungia fundo lolote. Akifika kisimani aliteka maji, akayaonja, akayatema, akanyamaza. Kisha akamuuliza mwenye shamba maji hayo huwa na ladha gani mwezi wa pili, wakati jua ni kali na mvua za masika hazijafika. Palipokuwa na vichaka vya mbono alisimama na kuangalia kwa makini, maana mbono kaburi hupandwa penye maziara, na vichaka viwili vilivyoelekeana katikati ya minazi, pasipo na ua wala boma la ng'ombe karibu, vilimwambia kwamba hapo amelala mtu na kwamba wako watu wengine wenye haki ya kuingia shambani humo kuzuru, hata kama muuzaji hakulitaja jambo hilo.

Lakini kutembea shambani ilikuwa nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Nusu nzito ilifanyika barazani jioni, kahawa ikipitishwa, na ilianza kwa swali moja lisilobadilika: "Ndugu yangu, kabla hatujasema lolote, nitajie mama yako ni wa ukoo gani." Wageni waliliona swali hilo kuwa la upekuzi, ilhali ndilo lililowaokoa. Kwetu sisi sheria mbili za mirathi huishi pamoja katika nyumba moja: kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili kwa fungu moja la dada yake, bali kwa desturi ya Wazigua, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, shamba lililofyekwa na watu wa mama lina wajomba na wapwa wanaolitazama kuwa lao, na kijana aliyelirithi kutoka kwa baba yake aweza kuliuza kwa nia safi kabisa, kisha baada ya miaka mitatu wakatokea wazee kutoka bara, wenye hoja za kweli, wakamtaka mnunuzi aondoke. Fauka ya hayo palikuwa na mashamba ya wakfu, ambayo hayauziki. Na mashamba yaliyowekwa rahani kwa mwenye duka, ambayo mwenyewe aliendelea kuyalima kana kwamba hayadaiwi. Na mafungu ya warithi waliohamia Unguja au Mombasa zamani, wasiojulikana kama wako hai. Haya yote hayakuandikwa popote. Yalikuwa vifuani mwa watu, na kazi ya mjomba ilikuwa kujua yamo katika kifua cha nani.

Mabadiliko yalikuja kwa awamu. Mwaka 1967 mashamba makubwa ya mkonge yalitaifishwa. Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishiwa katika vijiji, na mipaka mingi ya zamani ikavurugika, kwani mtu alipewa pa kujenga na pa kulima katika ardhi ambayo mwenzake alikuwa akiihesabu kuwa yake. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ikatamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani, hata isipokuwa na mti. Na Sheria ya Ardhi pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilipoanza kutumika Mei 2001, udongo ukapata bei yake. Mjomba alikwisha fariki. Tangu hapo watu wakaacha kuulizana minazi mingapi, wakaanza kuulizana eka ngapi, na hasa umbali gani kutoka barabarani. Na tangu ilipoanza kujengwa barabara ya lami kutoka Tanga, madalali wamezuka ambao hawajapata kulala Pangani hata usiku mmoja, wanaopeleka picha kwa simu, na mnunuzi hutuma fedha kabla hajakanyaga shamba.

Namkumbuka mstaafu mmoja, mtu muungwana wa mkoa mwingine, aliyetumia mafao yake kununua shamba kandokando ya Mto Pangani, si mbali na mlango wa bahari, kwa nia ya kumwagilia mbogamboga. Karatasi zake zilikuwa za kweli: jina lake limo, eka zimo, mihuri imo. Alifunga mashine ya maji, akapanda nyanya na mabilinganya, na ulipofika wakati wa kiangazi majani yakaungua pembezoni, kisha mche mzima ukakauka, kwa sababu maji aliyokuwa akiyavuta yalikuwa na chumvi. Mto ule umepungua nguvu tangu bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa miaka ya 1960, na mashamba ya umwagiliaji yakaongezeka huko juu, Kilimanjaro na Arusha. Bahari nayo hupanda mtoni mbali zaidi kuliko zamani, na minazi ya kingoni imekufa. Mkulima yeyote wa mpunga wa Pangani angemwambia hayo bila malipo. Tena sehemu ya shamba ilikuwa ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ambamo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, na dalali hakumwambia hilo pia.

Sisemi haya ili kuzitweza hati. Nimeona wajane waliofukuzwa katika viwanja walivyovilima maisha yao yote kwa kukosa kipande cha karatasi, na naamini kwa moyo wote kwamba hatimiliki ya kimila ni ngao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji yenyewe iliutambua ujuzi wa mahali: iliiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, ikataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie ugawaji, na ikaunda baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Ila mkutano wa saa moja, wenye ajenda kumi, hauwezi kufanya kazi aliyoifanya mjomba kwa siku kadhaa za kutembea na kuuliza. Panahitajika mtu ambaye kazi yake ni hiyo.

Nafurahi kwamba sasa tunaye. Mpwa wangu alisoma Chuo cha Ardhi Morogoro, akarudi nyumbani, na kazi yake ni kuwachunguzia watu mashamba kabla hawajalipa. Huchukua vipimo kwa kifaa cha setelaiti, lakini hakiwashi mpaka wazee wawili wa upande wa muuzaji na majirani wa pande zote nne wamekwisha tembea naye mpakani, kila mmoja akionyesha mnyaa au jiwe alijualo. Amelifikia jambo ambalo mjomba hakulifikia: wanawake humwambia wasiyomwambia mwanamume, nani hakupewa fungu lake na nani alitiishwa ili anyamaze, naye huwaeleza wazi kwamba desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili mbele ya sheria ya vijiji. Mara nyingine taarifa yake ina sentensi moja tu, kwamba shamba hili lisinunuliwe, na mnunuzi hukasirika kwa kulipia neno hilo. Hivi karibuni ameiomba halmashauri ya kijiji kimoja iweke katika gharama za kila mauziano posho ya wazee wanaotembea mpaka, kwa kuwa wanaacha kazi zao kutwa nzima na wengi wao ni wagonjwa wa magoti. Halmashauri imesema italipeleka ombi hilo katika mkutano mkuu ujao.